Sufuria ya kupikia bia nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kupika bia nyumbani huniuliza kwanza habari za hamira na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Siku mbili baadaye ananipigia tena, safari hii yuko dukani kwenye vyombo, mfuniko mkononi, na muuzaji anamsubiri. Ukurasa huu nimeuandika kwa ajili ya simu hiyo ya pili.

Neno moja kabla hatujaanza. Yale maji matamu ya kimea, kabla hayajatiwa hamira, humu nitayaita togwa. Najua togwa ya bibi ni kitu kingine kidogo, lakini kwa Kiswahili hakuna jina lililo karibu zaidi.

Nataka kupika lita 20 za bia. Ninunue sufuria ya lita ngapi?

Lita 40. Ukibanwa sana, 35.

Hesabu yake ni hii. Unataka lita 20 ziingie kwenye ndoo ya kuchachushia. Chini ya sufuria hubaki mashapo na hopsi zilizovimba, tuseme lita 2. Kuchemsha kwa saa nzima kunapoteza lita 3 hadi 5 kwa mvuke. Togwa ya moto nayo hujaa zaidi ya iliyopoa, tofauti ya karibu asilimia 4. Kwa hiyo unaanza kuchemsha ukiwa na lita 27 hivi. Juu ya hapo inataka nafasi ya povu.

Povu ndilo linalowaumbua watu. Sufuria yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ya lita 30, nami nikajiona mjanja, lita 27 zinaingia na nafasi inabaki. Togwa inapokaribia kutokota, protini za kimea hupanda juu kama maziwa, tena kwa kasi ileile ya maziwa: umegeuka kuchukua mwiko, ukirudi limeshavuka ukingo. Mimi lilinikuta ndiyo kwanza natia hopsi, na hopsi zenyewe huchochea povu. Togwa ikamwagika juu ya jiko, moto ukazimika, gesi ikaendelea kutoka. Nilifunga mtungi haraka, lakini jiko lilinata sukari iliyoungua wiki nzima, na mwenye jiko hakuwa mimi.

Ukiona povu linapanda, punguza moto na ukoroge. Chupa ya kupulizia maji baridi juu ya povu inasaidia pia. Nafasi ya lita 8 juu ya togwa inasaidia kuliko vyote.

Muuzaji hajui sufuria yake inaingia lita ngapi. Nifanyeje?

Nenda na futi ya fundi cherehani. Pima upana wa ndani kwa sentimita, ugawe kwa mbili, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha mara 3.14, kisha mara kina. Gawa kwa 1,000, umepata lita. Upana wa 36 na kina cha 36 vinatoa lita 36 na nusu. Upana wa 40 na kina cha 32 vinatoa lita 40. Sufuria yenye kitako cha mviringo hupungua kidogo, kwa hiyo usiiamini hesabu mpaka mwisho.

Akikubali kukupa maji, ndoo ya lita 20 mara mbili haikosei.

Ndefu au pana?

Kina kikaribiane na upana. Sufuria nyingi za huku ni pana na fupi, kwa sababu zimetengenezwa kwa ugali na pilau, vitu vya kukoroga. Sufuria ya upana wa sentimita 50 ina uso karibu mara mbili ya ile ya 36: mvuke unapotea mwingi, togwa inazidi kukolea, na mwisho unabaki na lita 16 za bia kali ulipotaka 20. Kama ndiyo uliyo nayo, itumie, ila siku ya kwanza chemsha maji matupu saa moja uone yanapungua kiasi gani.

Kama unaloweka kimea humohumo ndani ya mfuko wa kitambaa, njia ambayo wengi wetu tunaanza nayo, kina kinazidi kuwa muhimu. Kilo 5 za kimea zinakula nafasi ya lita 3 na zaidi, mbali na maji. Tena kimea hicho hunywa karibu lita moja kwa kila kilo, na machicha huondoka nayo. Hiyo 40 niliyoitaja mwanzo, kwa njia hii, hujaa karibu na ukingo.

Alumini au stenlesi?

Zote mbili zinapika bia nzuri. Alumini ni nyepesi, bei yake inavumilika, na hupitisha joto zaidi ya mara 10 ya stenlesi, kwa hiyo haiunguzi sehemu moja ya kitako wakati nyingine imepoa. Stenlesi inavumilia kusuguliwa na sabuni kali, na ukiitunza utamrithisha mtoto.

Watu huogopa kwamba alumini inaipa bia ladha ya bati au kuleta ugonjwa wa kusahau. Togwa ina asidi kidogo (kwenye kipimo cha pH ni 5.2 hadi 5.6), na asidi hiyo ni pungufu kuliko ya mchuzi wa nyanya unaoupika kila siku kwenye sufuria hiyohiyo. Uhusiano wa vyombo vya alumini na ugonjwa wa Alzheimer haujathibitishwa. Ikiwa mpya, ijaze maji na uyachemshe nusu saa. Itapata rangi ya kijivu ndani, wengine huiona ni uchafu wakaisugua mpaka ing'ae. Iache. Utando huo ndio unaoilinda.

Ila hapa lazima nitenge sufuria mbili zinazoitwa kwa jina moja. Kuna za kiwandani, zilizokandamizwa kutoka kwenye bamba: kuta nyembamba, laini, unene sawa kila mahali. Kuna za kusubu, ambazo fundi anayeyusha vyuma chakavu, vipande vya injini, redieta, makopo, anamimina kwenye kalibu ya mchanga. Hizi ni nzito, na ndani unaona vitundu vidogo na makwaruzo. Wachunguzi walipopima sufuria za namna hiyo Cameroon, matokeo yakachapishwa mwaka 2014, walikuta zinatoa madini ya risasi kwenye chakula. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2017 ulichukua vyombo kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwemo, na baadhi vikaonekana na tatizo hilohilo. Risasi haina ladha wala harufu. Kwa bia, ambayo inachemka saa nzima kwenye maji yenye asidi, mimi siigusi sufuria ya kusubu, hata ya bure.

Kwa stenlesi, watu huenda na sumaku. Daraja la 304, lenye kromiamu asilimia 18 na nikeli 8, halinasi sumaku, na daraja la 430 linanasa. Lakini daraja la 201, la bei nafuu na linaloshika kutu upesi zaidi, nalo halinasi. Kwa hiyo sumaku peke yake isikutie kiburi. Tazama unene wa kitako. Stenlesi nyembamba kama kopo, juu ya moto mkali wa gesi, itaunguza sukari chini, na bia yote itanukia moshi. Kitako cha matabaka matatu, chenye alumini katikati, kinamaliza tatizo hilo.

Mkononi mwangu ikiwepo pesa ya stenlesi nyembamba ya lita 30 au alumini nene ya kiwandani ya lita 40, nachukua alumini bila kufikiri mara mbili.

Mama ana sufuria kubwa ya shughuli, ile ya pilau. Naweza kuazima?

Kama ni ya kiwandani, unaweza, na umwombe vizuri. Adui ni mafuta. Mafuta kidogo tu yanaua povu la bia kwenye glasi, na sufuria iliyopika pilau miaka 10 imeyanywa mpaka kwenye misumari ya mikono yake. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto mara mbili, kisha chemsha maji ndani na unuse mvuke. Ukisikia bizari, rudia.

Umrudishie ikiwa safi kuliko ulivyoichukua, maana bia haipikwi mara moja.

Pipa la chuma je? Ndoo ya bati? Kegi ya bia iliyokatwa juu?

Pipa hapana, hujui lilibeba nini. Bati la kuchovya kwenye zinki hapana kabisa, kwa sababu zinki inayeyuka kwenye asidi, na watu wameugua kwa hilo. Enameli sawa, mpaka siku itakapobanduka, maana chini yake kuna chuma tupu kitakachoshika kutu.

Kegi ya lita 50, lile pipa la bia la baa, ni stenlesi nzuri sana na inafaa mno. Ila kegi ni mali ya kiwanda, hata kama mwenye baa anakuambia amepewa. Ikiwa unayo kwa njia ya halali, kabla ya kuikata toa hewa yote iliyobaki ndani. Kegi yenye presha ikikutana na msumeno inaua.

Ni lazima iwe na koki?

Siyo lazima kwa lita 10. Kwa lita 20 ningekuambia utaihitaji, ila usinunue sufuria kwa sababu ya koki. Tundu linatobolewa baadaye.

Sababu ni uzito. Lita 25 za togwa na sufuria yake ni zaidi ya kilo 27, vyote karibu nyuzi 100, vina sukari inayong'ang'ania ngozi. Anayeinua hiyo peke yake kuelekea kwenye ndoo anacheza na miguu yake. Koki inakuwezesha kuacha sufuria palepale na kufungulia mrija. Tena kagua mikono ya sufuria dukani: inue ikiwa imejaa maji kama muuzaji anakubali, na utazame misumari inayoishikilia. Mkono unaocheza leo utang'oka siku ya bia.

Kuna koki ya kuchomelea na koki ya kufunga kwa nati. Mimi nilimpelekea fundi wa kuchomelea stenlesi yangu ya pili. Fundi ni hodari wa mageti, nami sikumuuliza kama amewahi kuchomelea stenlesi nyembamba. Alitumia fimbo za mageti. Baada ya wiki tatu kulikuwa na mduara wa kutu kuzunguka tundu, na ndani matuta ambayo brashi haifiki. Stenlesi ya chakula inataka fundi anayechomelea kwa gesi ya argoni, na si kila mtaa una mmoja. Ya kufunga kwa nati haina shida hiyo: toboa tundu kwa biti ya ngazi (ile inayopanuka hatua kwa hatua), polepole na kwa mafuta kidogo ya kupoza, piga msasa kingo, weka pete ya silikoni ndani, kaza. Jaza maji, acha usiku mzima juu ya gazeti kavu. Asubuhi gazeti litakuambia.

Ukiagiza koki Marekani, angalia kitu kimoja kitakachokuokoa safari. Nusu inchi ya kwao na nusu inchi ya mabomba ya huku zote zina meno 14 kwa inchi, ila pembe ya meno ni tofauti: yao nyuzi 60, yetu 55. Zinaanza kuingiana vizuri, mkono unakudanganya, kisha zinavuja. Nunua koki na nati yake pamoja, na kama unaweza chagua inayofunguka vipande vitatu, kwa sababu ndani ya koki ndipo uozo unapojificha.

Kipimajoto cha kwenye sufuria na alama za lita, vina faida?

Kidogo. Kipimajoto cha kuchomekwa ukutani kinasoma joto la ukutani, karibu na moto. Cha mkononi kinatosha, unakoroga kwanza kisha unapima. Alama za lita jitengenezee: mimina maji lita 2 baada ya lita 2, na kila mara weka alama kwenye mwiko mrefu wa mbao. Mwiko wangu una mikato 18 na hakuna anayeruhusiwa kuusongea ugali.

Nipikie mkaa, gesi au umeme?

Gesi, kwenye jiko la chini lenye nguvu, lile la wauza chipsi na wapishi wa shughuli, na upikie nje au mahali penye hewa. Jiko la mezani lenye mafiga madogo litachemsha lita 12 vizuri, lita 27 litaziacha zikitoa jasho tu. Kwa lita 20 za bia, kuloweka, kuchemsha na yote, hesabu kama kilo moja ya gesi.

Mkaa unachemsha bila wasiwasi, mama zetu wanachemsha pombe kwa kuni tangu zamani. Shida ni kwamba mkaa hauna kitufe cha kupunguza. Povu likipanda, huwezi kuuambia usubiri. Anayepikia mkaa anahitaji nafasi zaidi juu ya togwa na mtu wa pili wa kusaidia kushusha.

Umeme: lita 25 kutoka nyuzi 20 hadi kuchemka zinataka zaidi ya uniti 2, kwa hiyo hita ya wati 2,000 itachukua karibu saa moja na nusu ukijumlisha joto linalopotea. Funga blanketi kuzunguka sufuria. Na kama una jiko la induksheni, peleka sumaku dukani: isiponasa kitako, jiko halitawaka. Alumini tupu haifanyi kazi hapo.

Nipo Nairobi. Nasikia maji yanachemka mapema huku. Inahusu sufuria?

Inahusu. Dar es Salaam maji huchemka nyuzi 100, Arusha yapata 95, Nairobi yapata 94. Kwenye joto hilo hopsi hutoa uchungu polepole, na ile harufu ya mahindi ya kuchemsha ambayo kimea cheupe huileta hukawia kuondoka. Wengi wa nyanda za juu huchemsha dakika 90 badala ya 60. Nusu saa ya ziada ni lita 2 zaidi za mvuke, nazo lazima ziwemo tangu mwanzo. Mtu wa Eldoret au Mbeya asijadiliane nami kuhusu lita 35. Achukue 40.

Mfuniko niufunge?

Mpaka ichemke tu. Ikishachemka, uondoe au uache wazi zaidi ya nusu. Harufu ile ya mahindi niliyoitaja inatoka na mvuke, na ukifunika, inadondoka tena ndani. Ukishazima moto na togwa ikianza kupoa, funika ili nzi na vumbi visiingie.

Nitapozaje lita 20?

Ukiwa na koili ya shaba ya mita 8 au 10, itumbukize dakika 15 za mwisho za kuchemsha ili vijidudu vife, kisha pitisha maji baridi ndani yake. Hakikisha inapita mdomoni mwa sufuria, na kwamba ikiingia togwa haifuriki. Lakini maji ya bomba ya Dar hutoka vuguvugu, hayatakushusha chini ya 30. Malizia kwa beseni la barafu, na hapo utaona kwa nini sufuria ya upana wa sentimita 50 ni tabu: beseni lake lipo wapi?

Waaustralia wengi hawapozi kabisa. Wanamimina togwa ya moto kwenye dumu la plastiki gumu linalohimili joto, wanafunga, wanaacha mpaka kesho. Mimi hufanya hivyo maji yakikatika. Koki inahitajika hapa kuliko popote. Na mtu wa pwani asiye na friji atafute hamira ya kveik ya Norway, inafurahia nyuzi 30 na kitu bila kulalamika.

Niioshe kwa kutumia nini?

Sabuni ya maji, sponji, maji mengi. Stili waya usitumie kwenye stenlesi, unaacha vinyuzi vya chuma vinavyoshika kutu. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo itoboe nguo, isikae kwenye stenlesi, inaichimba. Magadi makali ya kuzibua mabomba yanakula alumini mbele ya macho yako. Chokaa nyeupe inayoganda chini huondoka kwa ndimu au siki na uvumilivu wa nusu saa.

Babu yangu Kilimanjaro anapika mbege kwenye chochote na inanyweka. Kwa nini tuhangaike hivi?

Swali zuri, na babu hajakosea. Ndizi zinachemshwa zinalala siku kadhaa, uji wa kimea cha ulezi unachanganywa, gome la msesewe linatoa uchungu, na mbege inanyweka siku chache tu ikiwa bado inachachuka. Haikai. Bia ya shayiri tunaiacha wiki kadhaa kwenye chupa, kwa hiyo kila kosa la sufuria, moshi, mafuta, kutu, linapata muda wa kukua. Ila nakubali, uhodari wa babu na moto wa kuni siwezi kuununua dukani.

Sheria inasemaje?

Inategemea ulipo. Marekani serikali kuu iliruhusu mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia saini: galoni 100 kwa mwaka kwa mtu mzima mmoja, 200 kwa nyumba yenye wawili au zaidi, na si ya kuuza. Uingereza iliondoa ulazima wa leseni mwaka 1963. Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, inayodai leseni, kwa hiyo pita ofisi ya leseni ya kaunti kabla ya kununua chochote. Na usiuze bila leseni.

Sina pesa ya lita 40. Ningoje?

Usingoje. Chukua sufuria ya lita 12 iliyopo jikoni, pika lita 7 za bia kwenye jiko la mezani, ndoo ndogo ya kuchachushia, chupa 13 au 14. Makosa ya lita 7 yanameng'enyeka kirahisi kuliko ya lita 20. Au nunua kimea cha maji kilichokolezwa, chemsha lita 9 na hopsi, kisha ongeza maji safi yaliyochemshwa na kupoa. Kimea hicho ni kizito kama asali na huzama chini, hivyo zima moto kwanza, koroga mpaka kiyeyuke chote, ndipo uwashe tena.

Yangu ya lita 12 bado ninayo. Siku ya bia inachemsha maji ya kusuuzia machicha, siku nyingine inarudi kwenye maharage.